Nati ya Mashine ya Korosho

Watu waliomwona mama yangu kwa mara ya kwanza walimtazama mikono kabla ya uso. Mafuta ya ganda la korosho hayana huruma: yakikugusa leo, kesho ngozi inageuka nyeusi, keshokutwa inabanduka, na kabla haijapona yanakugusa tena. Akienda harusini alijitanda kanga ya pili na kuificha mikono chini yake, na mtu akitaka kumpa mkono alitoa ncha za vidole tu. Nilimwonea aibu, halafu nikajikasirikia kwa kuona aibu, na kwa msichana wa umri wangu mambo hayo mawili yalitosha kunipeleka kusomea ufundi.

Tulikaa Temeke, upande ule ambao nyumba zilikuwa za miti na udongo na mapaa ya madebe yaliyokunjuliwa. Wazazi wangu walitoka kusini kabla ya Uhuru. Baba alikuwa kuli bandarini, na siku za mapumziko alikwenda Mbagala kufyeka pori, akapanda mikorosho. Alipofariki alituachia nyumba, mikorosho hiyo, na baiskeli isiyo na mnyororo. Mama hakuwa na kazi nyingine ya mjini aliyoijua. Alibangua korosho na kuzipeleka Kariakoo kwa mfanyabiashara aliyetaka nzima tu. Iliyomeguka hata ncha alimrudishia.

Kubangua si kazi ya mtu mmoja. Korosho hukaangwa kwanza kwenye bati lililotobolewa, moshi ukikuwasha macho na maganda yakishika moto, kisha humwagwa mchangani zizimike. Zikipoa, moja moja inawekwa juu ya jiwe na kugongwa kwa kigongo, ganda linafunguka, kiini kinatolewa kwa vidole. Hapo ndipo mikono inapoungua. Wanawake wa jirani walikuja uani kwetu baada ya sala ya adhuhuri, kila mmoja na kibao chake cha kukalia, jiwe lake na bakuli lake. Hawakulipwa. Walikuja kumsaidia jirani yao. Ndivyo walivyosema wao, na ndivyo alivyosema mama. Korosho nzima zilikwenda kwenye ungo wa mama. Iliyovunjika ilikuwa ya aliyeivunja.

Jambo hili lilikuwa na adabu yake. Mtu akivunja, alinyamaza kidogo, akaitazama kwa masikitiko, kisha akasema, "Lo, hii imevunjika." Mama, bila kuinua macho, alijibu, "Pole, jirani. Weka kando." Kuweka kando maana yake ni kutia kwenye bakuli lako. Maneno hayo niliyasikia tangu nikiwa nabebwa mgongoni, na sikuyafikiria, kama mtu asivyofikiria mlango wa kwao unafungukia upande gani. Aliyevunja ovyo hakukaripiwa, ila siku nyingine hakuitwa. Na asiyevunja kabisa walimnong'ona kwamba anajidai. Mama hakuwahi kuchungulia bakuli la mtu.

Aliyekuja mara nyingi kuliko wote alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane, ambaye nilimwita mama mkubwa ingawa hatukuwa na undugu wa damu. Alikuwa akilea wajukuu alioachiwa na binti yake. Vipande vyake alivirudisha motoni kwa maji ya chumvi, akavifunga kwenye vikaratasi, na jioni vikauzwa kando ya kiwanja cha mpira. Ndiyo iliyokuwa riziki ya nyumba ile. Mtaa mzima ulijua, na hakuna aliyelisema.

Shuleni kwetu wasichana wa ufundi tulikuwa wachache, na tulizoea kuulizwa kama tumepotea njia. Miaka ile kila shule ilikuwa ya kujitegemea. Sisi tulilima mihogo, tukafuga kuku walioibwa, tukatengeneza viti ambavyo havikukalika. Halafu akaja mwalimu mpya, kijana wa bara, mrefu, mwenye suruali fupi kidogo kwenye vifundo, akasema vile viti vilimtosha kujua ugonjwa wetu: tulikuwa tunatengeneza vitu bila kumjua atakayevikalia. Akaanzisha somo lake, akaliita ubunifu. Hakukuwa na daftari wala mtihani wa kuandika. Tuligawanywa vikundi, tukaambiwa tutoke nje ya uzio.

"Msiniletee tatizo," alisema siku ya kwanza. "Nileteeni mtu. Mtu mwenye shida, anakaa wapi, anafanya kazi gani, anaumia wapi. Mtamtengenezea kifaa, mtamwachia. Mie nitakuja siku msiyoijua. Nikikikuta kimefunikwa, hiyo ni skrepa, na nyie mmefeli."

Kama kilikuwa kinatumika, angetazama pia ubora wake. Kikundi kilichofanya vizuri kingepeleka kifaa chake kwenye maonyesho, na wenyewe wangependekezwa kwenda chuo cha ufundi. Niliposikia neno chuo niliacha kusikia mengine. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa na sauti nyumbani tangu baba afariki, alikuwa ameshanitafutia nafasi ya kujifunza kupiga taipu. Alikuwa mtu mwema na aliona amenifanyia jambo kubwa. Mimi nilitaka chuma. Nilipenda harufu yake kikikatwa, na nilipenda kwamba ukikosea kinakuonyesha papo hapo. Pendekezo la mwalimu ndilo pekee ambalo mjomba asingeweza kulipinga, kwa sababu alikuwa akiwaheshimu walimu kuliko mashehe.

Kikundi chetu tulikuwa watatu. Mmoja alikuwa kijana wa Kinondoni, baba yake karani aliyetoka bara, mwenye mkono wa ajabu kwenye tupa. Chuma alichokisugua yeye ungeweza kukitumia kama kioo. Wa pili alitoka Kigamboni, alivuka kwa pantoni kila asubuhi, na kazi yake kubwa ilikuwa kutuchekesha na kuokota vitu. Nilipowaambia kuhusu mikono ya mama hawakubisha. Wengine walikuwa bado wanazunguka mitaani wakiuliza watu kama wana shida, na watu wakiwajibu kwamba wanazo, tena nyingi, wao wanataka ipi.

Mashine yetu haikuwa na siri. Ilikuwa benchi la mbao, tulilolipata kwa mabaki ya mafundi seremala wa Keko, na juu yake visu viwili vilivyopinda kufuata umbo la korosho, vikitazamana. Unaweka korosho katikati, unakanyaga pedeli iliyotoka kwenye baiskeli ya baba, visu vinakutana na kulipasua ganda, unageuza mpini kidogo, kiini kinadondoka. Mkono haugusi kilichopasuka. Visu tulivichonga kwa springi ya lori kuukuu, ambayo yule wa Kigamboni aliipata mtaa wa Gerezani kwa maneno matupu.

Shida ilikuwa kiini. Mara ya kwanza mashine ilikata ganda na kiini pamoja, safi kabisa, kama limau. Tukapunguza, ganda likakataa kupasuka. Tulihangaika sana. Mwisho kijana wa Kinondoni akafunga nati upande wa kushoto, iliyozuia visu visikaribiane kupita unene wa ganda. Nati hiyo ikikazwa barabara, visu havichezi hata kidogo, na hata ukikanyaga pedeli kwa hasira, kiini kinatoka kizima. Ikilegea, visu vinacheza, na ukikanyaga kwa nguvu vinauma mpaka ndani. Tuliikaza kwa spana mpaka meno yetu yakasagana. Mwalimu alipokuja karakanani tukamjazia sahani ya korosho nzima, akaokota moja, akaigeuza geuza, akaila. Halafu akatuita mafundi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini sisi hatukutia maji chochote. Tulikwenda nyumbani tukitembea mabega juu.

Siku tuliyoileta mashine uani, wanawake walipiga vigelegele. Mama alikalishwa kwanza. Alikanyaga, korosho ikapasuka, kiini kikadondoka kwenye ungo, kizima. Akarudia. Akaniangalia na kuinua mikono yake yote miwili juu, mitupu, kama mtu anayeonyesha kwamba hakuiba kitu. Nilitaka kulia, nikaenda kuchota maji. Wengine wakafuata kwa zamu, wakicheka, wakisukumana, na kufikia alasiri ungo ulikuwa umejaa nzima tupu. Mama mkubwa alikuwa wa mwisho. Alikanyaga vizuri, akaisifu mashine, akanisifu mimi, akaniombea dua. Kisha akachukua kibao chake na bakuli lake akaenda kwake. Bakuli lilikuwa tupu na mimi niliona kwamba lilikuwa tupu. Sikuona zaidi ya hapo.

Kesho yake walikuja nusu. Mmoja alikuwa na homa, mwingine na msiba Gongo la Mboto, wa tatu miguu ilimvimba. Siku iliyofuata wakaja wachache zaidi, na mama mkubwa hakuwemo. Alisema ana nguo za kufua. Baada ya siku chache mama alibaki peke yake na mashine. Mashine ilipasua ganda tu. Kukaanga kulibaki, kuzima moto kulibaki, kumenya ile ngozi nyembamba kulibaki, na kazi zote hizo zilikuwa zikifanywa na watu wengi huku wakiongea. Magunia ya korosho ghafi yakarundikana ukumbini. Mama hakulalamika. Niliporudi kutoka shuleni jioni nilimkuta akikanyaga pedeli mwenyewe, uwanja mzima kimya, akiongea na kuku.

Nilikuwa mwepesi wa hasira tangu utotoni na niliwakasirikia wale wanawake. Nilisema wana wivu, kwamba hawapendi kumwona mwenzao akipona mikono. Mama aliniambia ninyamaze, watu wana shughuli zao.

Halafu siku moja nikarudi nikasikia kelele uani kama zamani. Wamejaa wote, mawe yanagonga, vigongo vinalia, mama mkubwa yuko mahali pake karibu na mlango wa jiko. Mashine ilikuwa pembeni, imefunikwa gunia. Mama alikuwa na jiwe mbele yake na vidole vyake vimelowa mafuta. Nilimwita ndani na kumwuliza kwa sauti ambayo mtoto hatakiwi kuitumia. Nilimwambia mwalimu anaweza kuja hata kesho. Nilimwambia kwamba anaivunja safari yangu ya chuo kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba mikono yenyewe ndiyo niliyokuwa nikiihangaikia.

"Mguu unaniuma," akasema. Tukarudi nje.

Jumamosi wenzangu wakaja. Kijana wa Kinondoni alilitazama lile gunia akasikitika kama mtu aliyefiwa. Yeye aliona jibu ni rahisi: mama awagawie wasaidizi wake kipimo cha korosho nzima kila siku, wawe na sababu ya kuja. Kwao Kinondoni mtu akikufanyia kazi unamlipa, basi. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nikiwalipa si watakuwa vibarua wangu?" akasema. "Kesho mjumbe wa nyumba kumi atakuja kuniuliza ukupe wa kunyonya wenzangu nimeuanza lini. Na wao hawatakuja, mwanangu. Nani atatoka kwake aende kibarua kwa jirani?"

Baadaye, wenzangu walipoondoka, akaniambia kwamba alikwishajaribu. Ile wiki ya upweke alimpelekea mama mkubwa, kwa mkono wa mtoto wa jirani, kibaba cha korosho nzima, kwa heshima, kimefunikwa kawa. Kibaba kilirudi jioni ile ile kikiwa hakijaguswa, na salamu kwamba labda mtoto alikosea nyumba. Mama alilisema hilo akitazama pembeni. 

Kwa kuwa nilikuwa nimekasirika na sina la kufanya, siku iliyofuata nilichukua jiwe nikakaa nao. Sikuwa nimekaa katika mduara ule tangu nianze shule ya ufundi, nilijiona nimeuvuka. Nilikaa mkabala na mama mkubwa, na kwa sababu mwalimu alikuwa ametufundisha kutazama mikono ya mtu anapofanya kazi, niliitazama mikono yake. Aligonga pigo moja, ganda likafunguka pande mbili sawasawa, kiini kizima. Nyingine, nzima. Aligonga huku akisimulia habari za maji ya bomba kukatika, hata hatazami. Kisha nikaona kigongo chake kikisogea pembeni kidogo, upana wa ukucha tu, kikashuka.

"Lo, hii imevunjika," akasema, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli.

"Pole, jirani. Weka kando."

Aliweka kando. Akagonga nzima kadhaa, kigongo kikasogea tena. Mwanamke wa pembeni yake naye alifanya hivyo hivyo, na wa pili yake pia, kila mmoja kwa kiasi chake, na hakuna aliyepitiliza. Waliokuwa na watoto wengi walivunja zaidi kidogo. Aliyekuwa na mume mwenye mshahara alivunja moja moja, kwa adabu. Wakati wa kuondoka kila bakuli lilikuwa na kitu, na hakuna aliyepewa kitu na mtu.

 Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wanasema. Mimi nilikuwa nimekilalia kitanda hiki tangu kuzaliwa na kunguni wake sikuwajua. Tulikuwa tumetengeneza mashine isiyovunja, tukaipongeza kwa kutovunja, tukaileta kwenye uwanja ambao watu walikuwa wanaishi kwa kuvunja. Na ubaya wake ni kwamba hakuna aliyeweza kutwambia. Mama mkubwa angesemaje? Kwamba anataka mashine inayoharibu mali ya jirani yake? Na mama angesemaje kwake? Wakilitamka tu, kile cha bakulini kinageuka sadaka au mshahara, na mama mkubwa hakuwa mtu wa kupokea sadaka wala kufanya kibarua. Kwa hiyo mmoja alifua nguo na mwingine akaumwa mguu.

Asubuhi yake, kabla sijaenda shule, niliitoa mashine chini ya gunia, nikachukua spana nikalegeza ile nati. Sikuilegeza ovyo. Nilijaribu, nikalegeza tena kidogo, nikajaribu. Nilifika mahali ambapo ukikanyaga pedeli taratibu korosho inatoka nzima, na ukikanyaga kwa nguvu inavunjika. Mguu ndio ulioamua. Mama alitoka akiwa na mswaki mdomoni akanikuta pale chini.

"Mama, ijaribu tena leo," nikamwambia. "Imeanza kuvunja kidogo."

Aliitazama nati, akaitazama spana mkononi mwangu. Akatema povu, akasukutua, akajifuta mdomo.

"Basi nitawaita wenzangu," akasema.

Niliporudi jioni sikuhitaji kuuliza. Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye benchi la mashine, kanga imefungwa vizuri magotini, anasimulia. Alikanyaga taratibu, taratibu, kisha mguu ukashuka kwa kishindo. "Lo," akasema, "kumbe mashine yenu nayo inavunja." Mama akampa pole na kumwambia aweke kando. Wanawake wakacheka, na kicheko chao kilikuwa cha watu waliotua mzigo. Tangu siku hiyo hawakukosa. Walipokezana mashine kwa zamu, wengine wakimenya, wengine wakikaanga, na hakuna aliyegusa tena ganda lililopasuka. Mikono ya mama ilianza kupona. Ngozi mpya ilitoka kwanza kati ya vidole, nyekundu, laini, na alikuwa akiipaka mafuta ya nazi na kuitazama mara kwa mara alipodhani simwoni.

Nilikuwa na furaha sana siku zile. Nilisahau kwamba mwalimu atakuja.

Alikuja baada ya sala ya adhuhuri na wenzangu wawili nyuma yake, akapiga hodi, akamwamkia mama shikamoo na kukalia kinu kilichopinduliwa. Alifurahi kukuta mashine inalia. Aliuliza maswali, akaikagua mikono ya mama kama daktari, akaandika alama yake ya kwanza kichwani. Niliiona usoni mwake. Halafu akatazama ungo, akatazama mabakuli. Mabakuli yalikuwa na vipande vingi. Mvua ilikuwa ndiyo imekatika, kiwanja cha mpira kilikuwa kimelala siku kadhaa, na nadhani kina mama walikuwa wanafidia mauzo ya siku hizo.

"Mbona inavunja hivi?" akauliza. "Shuleni haikuvunja hata moja."

Kijana wa Kinondoni alikuwa ameshapiga magoti kando ya mashine. Aliligundua tatizo mara moja. Mkono ule haukuweza kudanganywa. Akatoa spana mfukoni na kusema nati imelegea tu, ni kazi ya dakika moja.

 Mama mkubwa alikuwa kwenye zamu yake. Aliondoa mguu kwenye pedeli na kuuweka chini polepole, akaanza kujipangusa vumbi lisilokuwepo kwenye kanga. Mama alikuwa anamenya. Vidole vyake havikusimama, ila alikuwa anamenya korosho ile ile aliyokwisha kuimenya.

"Iache," nikamwambia mwenzangu.

Mwalimu akageuka kunitazama.

"Nimeilegeza mie mwenyewe, mwalimu. Inafanya kazi vizuri hivi."

"Vizuri kwa nani?"

Lilikuwa swali zuri, na lilikuwa swali alilotufundisha yeye. Jibu lake nilikuwa nalo. Lingetosha kunipeleka chuo. Najua, kwa sababu ndicho kitu hasa alichokuwa akikitafuta tangu siku ya kwanza, mtu, si tatizo. Ningemweleza habari ya mabakuli na angeruka kwa furaha, angelisimulia kwenye maonyesho mbele ya watu. Na wale wanawake walikuwa wamekaa pale pale, wananisikiliza, na bakuli la mama mkubwa lilikuwa kwenye mapaja yake. Hata ningemvuta kando nikamnong'oneza, angetaka kumwuliza, angetaka kuhakikisha. Alikuwa mwalimu wa namna hiyo.  Alinisubiri, na alikuwa mtu mwenye subira, lakini sikujibu.

Alisimama, akashukuru. Mama mkubwa alimfungia vipande vya kwake kwenye karatasi, akampa ale njiani. Alivipokea kwa mikono miwili na nilimwona akivitafuna akipita uchochoroni, kimoja kimoja, akiwa na mawazo. Sijui kama aligundua. Hakuwahi kuniambia.

Shuleni nilimwomba asiwahesabie wenzangu kosa la nati, akakubali. Alisema ni haki kwamba kosa ni la aliyelegeza. Wao walipata alama zao. Mimi aliniandikia kwamba kifaa kinatumika, lakini mtengenezaji ameshusha ubora wake na hawezi kueleza sababu. Kwenye maonyesho walikwenda waliotengeneza mkokoteni wa kubebea maji. Kijana wa Kinondoni hakuniongelesha mpaka tulipomaliza shule, na sikumlaumu, kwa sababu nati ile ilikuwa kazi yake na nilikuwa nimeitia doa. Yule wa Kigamboni alinitania tu kwamba mimi ndiye fundi wa kwanza nchini kuharibu kwa makusudi. Baada ya likizo nilikwenda kujifunza taipu, kama mjomba alivyopanga, na nikapiga taipu ofisini kwa miaka mingi, vizuri, bila kuipenda.

Lakini siku niliyopewa matokeo ndiyo ninayoikumbuka. Nilitembea kutoka shuleni mpaka nyumbani ingawa mabasi yalikuwepo, nikapitia mlango wa uani. Walikuwepo wote. Mama aliniona uso tu akajua, akaacha kumenya.

"Umekosa?" akaniuliza.

"Nimekosa, mama."

Mashine ilisimama. Wanawake walitazama kazi zao. Hakuna aliyeuliza nimekosaje, na kwa namna walivyokuwa hawaulizi nilielewa kwamba walijua kila kitu, kwamba walijua tangu asubuhi ile ya spana. Mama mkubwa alishuka kwenye benchi. Nilidhani anakwenda ndani. Alikwenda kuchukua bakuli lisilo na mwenyewe kwenye rafu ya vyombo, akalifuta kwa kanga yake, akaliweka mkekani mbele yangu, na kutoka kwenye lake akanimiminia nusu. Halafu mama, bila kuinua macho, kwa sauti ile ile niliyoisikia tangu nikiwa mgongoni, akasema:

"Pole, jirani. Weka kando."

Hakuwahi kuniita jirani kabla ya siku hiyo. Nilivua viatu vya shule, nikakaa kati yao, nikaanza kumenya.